Mshonee mzee wako kifuko cha miwani

MPENZI msomaji, je, mzee wako huko nyumbani huweka wapi miwani yake? Wangu alikuwa akiifunga kwa leso na kuitia katika mfuko wa shati. Kila nilipomtembelea niliona vioo vimezidi kukwaruzika, naye hakusema neno. Wazazi wengi ndivyo walivyo. Hawapendi kuwaongezea watoto wao gharama.

Krismasi baada ya Krismasi nilimpelekea shati jipya. Alilipokea kwa shukrani, akalikunja na kulifungia sandukuni. Kisha ukaja mwaka ambao sikuwa na pesa za shati, nikaamua kumshonea kifuko cha miwani kwa mkono. Leo ningependa kukueleza jinsi ya kukishona.

Kitambaa kifaacho ni felti, yaani kitambaa kizito cha sufu ambacho hakikufumwa bali kilishindiliwa. Uzuri wake ni kwamba hakitoki nyuzi ukikikata, kwa hivyo huna haja ya kukunja pindo wala kutafuta cherehani.

Wala si lazima ukinunue dukani. Nenda Gikomba au soko lolote la mitumba, uchague sweta kuukuu ya sufu. Soma kile kibandiko cha shingoni. Ikiwa si sufu tupu, iache, kwani sweta za akriliki hazitakufaa.

Itie sweta yako katika beseni la maji moto na sabuni, uikoroge na kuisugua kwa mwiko kwa muda mrefu, kisha uisuuze kwa maji baridi. Nyuzi za sufu zina magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Joto, sabuni na msuguano huyafanya yashikane, na sweta husinyaa ikawa nene. Rudia mpaka usione tena vitanzi vya ufumaji. Ianike, na usiikate kabla haijakauka.

Sasa kata kipande cha sentimita 18 kwa 20. Kikunje upate kifuko cha urefu wa sentimita 18 na upana wa 10, ukibane kwa pini. Ikiwa miwani yenyewe ni mikubwa, ongeza kidogo.

Tunga uzi wa kutarizia usiozidi urefu wa mkono wako, kwani uzi mrefu hujisokota. Ficha fundo ndani. Anzia chini, kwenye pembe ya mkunjo, ushone upande wa chini kisha upande ulio wazi hadi juu. Kila uchomapo sindano, ipitishe ndani ya kitanzi cha uzi kabla ya kuvuta. Huo ndio mshono wa blanketi. Acha nusu sentimita kati ya mshono na mshono. Ukifika mdomoni, shona mara tatu mahali pamoja, maana hapo ndipo panapovutwa kila siku.

Chagua rangi zinazoonekana. Mimi nilitumia sweta nyeusi na uzi mwekundu, ili Baba akione kifuko mezani hata kabla hajavaa miwani.

Nawe kijana wa kiume, usiseme hii ni kazi ya wasichana. Waulize waliosoma katika miaka ya mwanzo ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985. Wavulana wengi walishika sindano katika somo la sayansi kimu, na hakuna aliyepungukiwa na chochote.

Baba alipokipokea kifuko chake hakusema kitu mara moja. Alipitisha kidole gumba juu ya mishono, polepole, kutoka chini hadi karibu na mdomo. Hapo akasita.

"Hapa ulikuwa umechoka, mwanangu," akasema.

Ilikuwa kweli. Mishono ile niliishona saa sita usiku, nayo ilikuwa mirefu na imepinda. Nikataka kukichukua nikirekebishe. Akakataa, akaitia miwani yake ndani.

Yale mashati bado yamo sandukuni, lakini kifuko hakibanduki mfukoni mwake. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi tafuta sindano leo, mpenzi msomaji, wakati mzee wako angali anaweza kuipapasa mishono yako.