Kabla ya mashine, ndoo mbili



Katika likelemba yetu, mama mmoja aliomba zamu yake isogezwe mbele. Kijana wake anaosha motokari kando ya barabara hapa Katuba, na sasa anataka kununua mashine ya kung'arisha rangi, ile inayoondoa mikwaruzo midogo. Wengi wetu tulikuwa tayari kukubali. Ndipo mama mwingine akasema: "Ile mashine ilikula feza ya masomo nyumbani kwangu." Kijana wake aliazima mashine, akaipitisha juu ya kapo ya mteja, na kwenye ukingo rangi ikaisha, ikaonekana ile ya kijivu ya chini. Mama alilipa kapo nzima ipigwe rangi upya.

Kwa hiyo tuliketi kwanza, tukajifunza kazi yenyewe. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tazama motokari nyeusi jua likiwa kali. Utaona mistari myembamba kama utando wa buibui, inayozunguka mahali jua linapong'aa. Mistari hiyo haizunguki kweli. Ni mikwaruzo inayokwenda kila upande, na mwanga unatuonyesha ile tu inayouzunguka. Inatoka wapi? Mara nyingi inatoka katika kuosha kwenyewe. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu linalala juu ya kila kitu, na ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko vernisi. Kijana akichukua kitambaa kimoja na ndoo moja kwa motokari kumi, anasugua mchanga wa ya kwanza juu ya ile ya kumi.

Sasa, mashine inafanya nini? Haiongezi rangi, wala haizibi mkwaruzo. Inakula vernisi kidogo kidogo mpaka ifike chini ya mkwaruzo. Sisi wamama tunalijua jambo hilo jikoni: sufuria unayoisugua kwa mchanga inang'aa, lakini kila mwaka inakuwa nyepesi. Na vernisi ya motokari ni nyembamba. Mara nyingi unywele wa kichwa ni mnene kuliko hiyo. Tena motokari nyingi za mji wetu zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, zikapita Dar es Salaam na Kasumbalesa kabla ya kufika hapa. Kijana hajui zimeng'arishwa mara ngapi, wala ni vernisi kiasi gani iliyobaki.

Mashine ziko za namna mbili. Moja inazunguka tu. Inakata upesi, inapasha moto rangi upesi, na ndiyo inayochoma ukingo. Nyingine inazunguka huku ikitikisika; ni ya polepole, na inamsamehe anayejifunza. Mwenye kuanza atafute hiyo ya pili.

Kazi inafanywa kivulini, rangi ikiwa safi, kavu na baridi. Kingo na plastiki zinafunikwa kwa utepe wa karatasi. Anajaribu kwanza kipande kidogo, kwa dawa laini na eponji laini. Ile kali inakuja tu kama laini imeshindwa. Matone matatu au manne yanatosha, kila tone kama punje ya haragi. Anayatandaza kwa mwendo mdogo, kisha anaongeza mwendo na kusogeza mkono polepole, kila mstari ukifunika nusu ya ule uliopita. Halafu anapangusa, anatazama kwa tochi, na mistari ikiisha anaacha. Mkwaruzo unaokwama ukucha ukiupitisha, auache. Ni wa kupiga rangi, si wa mashine.

Na jambo moja kwetu wazazi: mahali pa kuosha pana maji chini, na mashine inataka umeme. Viwili hivyo haviketi pamoja. Ang'arishe mahali pakavu, waya aupitishe juu ya bega, avae miwani na kitambaa cha pua.

Tulipomaliza kusikia hayo, tukaona kwamba kijana anayeosha vibaya hata akipata mashine atakuwa anarudisha kwa kitambaa kile alichokiondoa kwa mashine. Kila mara anapolirudia hilo, vernisi ya mteja inapungua.

Kwa hiyo mama amepewa zamu yake, lakini kwa mpango. Feza ya kwanza ni ya ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji safi ya kusuuza eponji, pamoja na vitambaa vya mikrofibra vya kutosha. Kijana amwage maji kwanza ili vumbi litoke bila kuguswa, aanze juu ashuke chini, na kitambaa kikianguka chini asikitumie tena mpaka kifuliwe. Maji ya bido yana bei, tunajua. Basi amweleze mteja kwa nini anaomba zaidi kidogo. Mwenye motokari nyeusi atamwelewa.

Feza ya pili, ile ya mashine, inangoja katika sanduku. Atatafuta katika garaji kapo mbovu iliyotupwa, aazime mashine ajifunze juu yake, aichome yeye mwenyewe aone vernisi inavyokwisha. Kapo hiyo haina mwenyewe wa kudai.

Mama aliyepata hasara ndiye aliyesema atakwenda naye kuitafuta. Alisema kijana wake pia atakuja, kwa sababu tangu siku ile hajagusa mashine, na kazi bado anaipenda.