Kompyuta Inayolala Bila Ruhusa Yako: Madai Matano na Majibu Yake

Kompyuta ya ofisi imewashwa asubuhi, hakuna aliyeandika nenosiri, na wafanyakazi wa vyumba vingine wanategemea faili zilizomo ndani yake. Muda si mrefu haipatikani tena kwenye mtandao. Fundi anaitwa, anabadilisha kebo, analaumu swichi. Mara nyingi kebo haina kosa. Kompyuta imelala ikiwa kwenye skrini ya kuingilia. Watumiaji wa Linux yenye mazingira ya GNOME wanalifahamu tatizo hili tangu toleo la 3.28 la Machi 2018, lililoanza kuilaza kompyuta iliyochomekwa kwenye umeme ikikaa dakika 20 bila kuguswa. Maelezo yanayotolewa kulihusu yanapoteza watu wengi, na yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Nimeshaondoa usingizi kwenye mipangilio yangu, kwa hiyo hailali."

Si kweli. Ulichobadilisha ni mipangilio ya akaunti yako, inayokaa ndani ya folda yako katika faili ~/.config/dconf/user. Inatumika unapoingia na inakoma unapotoka. Skrini ya kuingilia huendeshwa na programu iitwayo GDM, chini ya akaunti yake yenyewe; katika Debian 12 akaunti hiyo huitwa Debian-gdm. Haiangalii kabisa ulichochagua wewe. Ndiyo maana mtu hufanya kazi mchana kutwa bila usumbufu, akatoka kwenye akaunti yake, na kompyuta ikalala kabla hajafika nyumbani.

Dai la pili: "Kama hakuna aliyeingia, hakuna kazi inayoendelea."

Dai hili ndilo linaloleta hasara kubwa zaidi. Huduma ya kushirikiana faili, ya uchapishaji, ya kuingia kwa mbali kwa SSH na ya kunakili data usiku huanza mara mfumo unapowaka. Hazisubiri nenosiri la mtu. Skrini ya kuingilia, kwa upande wake, hupima kibodi na kipanya vilivyo mezani. Watu kumi wakiwa wanavuta faili kupitia mtandao, kwa skrini hiyo bado ni kompyuta isiyoguswa.

Dai la tatu: "Skrini kuwa nyeusi na kompyuta kulala ni jambo lile lile."

Skrini ikizimika peke yake, prosesa inaendelea na huduma zinajibu. Kompyuta ikilala, prosesa inasimama, mtandao unakatika, na umeme unabaki kushikilia kilichomo kwenye RAM. Umeme ukikatika wakati huo, kompyuta ya mezani isiyo na UPS inapoteza kila ambacho hakikuhifadhiwa kwenye diski. Kupima ni rahisi: tumia amri ya ping kutoka kompyuta nyingine. Ikijibu, haijalala.

Dai la nne: "Zima usingizi wa mfumo mzima, yaishe."

Amri ya systemctl mask sleep.target inafanya kazi, na kwa seva isiyohama haina ubaya. Kwenye laptopu ni hatari: mwenye nayo atafunga kifuniko na kuitia kwenye begi akidhani imelala, kumbe inaendelea kupata joto na kula betri. Dawa inayolenga penye tatizo ipo. Katika Debian, fungua /etc/gdm3/greeter.dconf-defaults kwa mamlaka ya msimamizi. Hakikisha kichwa [org/gnome/settings-daemon/plugins/power] hakina alama ya # mbele yake, kisha iondoe mbele ya mstari wa sleep-inactive-ac-timeout, na uupe thamani 0, yaani usilale kamwe. Kichwa hicho kikibaki na #, mstari ulio chini yake hukosa maana. Mstari wa betri uache ulivyo. Baada ya hapo iwashe upya GDM kwa systemctl restart gdm3, lakini hifadhi kazi kwanza, kwa kuwa amri hiyo huwatoa wote waliomo kwenye skrini ya kompyuta hiyo.

Dai la tano: "Kompyuta isiyolala inakula umeme bure."

Hapa kuna ukweli, na haufai kupuuzwa. Kompyuta ya karani isiyohudumia mtu mwingine na ilale. Bili ya umeme ni fedha halisi. Lakini ile inayotunza faili za ofisi nzima haikai bure, na skrini yake inaweza kuzimika huku yenyewe ikiwa macho. Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, uliza ni nani anaitegemea kompyuta hiyo wakati hakuna aliyeketi mbele yake. Akiwepo hata mmoja, rekebisha skrini ya kuingilia leo, kabla hujanunua kebo nyingine.