Ahadi ya Mtawala Si Mpaka wa Mamlaka



Tarehe 6 Novemba 2008 serikali ya Kenya iliwapa wananchi wake siku ya mapumziko, kwa kuwa Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alikuwa amechaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Wengi katika pwani yetu walishiriki furaha ile, wakitaraji kuwa zama za vita na vizuizi vya siri zimefikia ukomo. Mwaka 2017 aliondoka madarakani. Basi ni haki tuulize: je, matumaini yale yaliwekwa mahali pake?

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, ililigawa jambo la vita mafungu mawili: Bunge ndilo litangazalo vita, na Rais ndiye amiri wa majeshi. Hekima ya mgawanyo huo iko wazi, nayo ni kwamba aliyeshika upanga asiwe yeye peke yake mwenye kuamua uchomolewe lini. Mwaka 1973, baada ya machungu ya Vietnam, Bunge lilipitisha sheria ya kuukaza mpaka huo juu ya pingamizi la Rais Nixon: Rais atumapo majeshi vitani alijulishe Bunge ndani ya saa 48, na asipopata idhini ndani ya siku 60 ayaondoe.

Kisha ikaja Septemba 2001. Katika siku chache Bunge lilimpa Rais Bush idhini fupi ya kuwapiga waliohusika na mashambulizi yale na waliowahifadhi. Haikutaja nchi wala haikuweka mwisho. Kati ya wabunge wote, ni mmoja tu, Barbara Lee, aliyepiga kura ya kuikataa.

Obama alipokuwa akigombea, mwezi Desemba 2007, aliliambia gazeti moja kwamba Rais hana mamlaka ya kuamuru shambulio kwa uamuzi wake pekee, ila pale inapokuwa ni kuzuia hatari halisi au iliyo karibu kulifikia taifa. Maneno hayo yalikuwa sahihi. Lakini tarehe 19 Machi 2011 aliamuru Libya ishambuliwe bila idhini ya Bunge. Siku 60 zikapita, na wanasheria wake wakadai kuwa ndege zinazodondosha mabomu hazikuwa katika mapigano yanayokusudiwa na sheria ile.

Wapo wanaojibu kuwa Benghazi ilikuwa katika hatari na Umoja wa Mataifa ulikuwa umetoa idhini. Sisi tunasema: dharura ya wiki moja haihalalishi vita vya miezi saba, na idhini ya New York haisimami mahali pa Bunge la Washington.

Ama Guantanamo, siku ya pili baada ya kuapishwa mwaka 2009 alitia saini amri ya kulifunga gereza hilo ndani ya mwaka mmoja. Aliwakuta humo watu 242; alipoondoka walibaki 41, na gereza li wazi. Na mwezi Septemba 2011 ndege isiyo na rubani ilimuua Yemen Anwar al-Awlaki, raia wa Marekani, pasina kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Wiki mbili baadaye mwanawe wa miaka 16 naye aliuawa katika shambulio jingine.

Uadilifu unatulazimu tuseme pia yaliyo upande wake. Bunge ndilo lililozuia fedha za kuwahamisha wafungwa wa Guantanamo. Bunge hilohilo, mwezi Juni 2011, baraza lake la wawakilishi lilikataa kuidhinisha vita vya Libya, na siku ileile likakataa kuvinyima fedha. Na mwaka 2013 Obama mwenyewe aliipeleka Bungeni hoja ya kuishambulia Syria. Kwa hiyo lawama si ya mtu mmoja: mtawala huvuka mpaka pale mlinzi wa mpaka anapolala.

Tazameni yaliyofuata. Mwaka huo wa 2013 Donald Trump alimtaka Obama apate kwanza idhini ya Bunge kabla ya kuipiga Syria. Mwezi Aprili 2017, akiwa yeye ndiye Rais, aliipiga Syria bila idhini hiyo. Na ile idhini fupi ya 2001 ilitumiwa na marais wanne, hata ikafikishwa mwishoni mwa 2016 kwa al-Shabaab wa Somalia, kundi ambalo halikuwapo ilipoandikwa.

Funzo ni moja. Madaraka mnayomwachia mnayempenda atayarithi mnayemchukia, tena bila kuombwa ahadi. Anayetafuta kura husema mengi, na huenda akawa mkweli siku anayoyasema. Lakini kiti kina tabia yake, na moyo wa mtu hauna mlinzi. Basi tusimuulize mgombea, popote alipo, atatufanyia nini tu. Tumuulize ni nani atakayemzuia, na kwa sheria gani, siku atakapotaka kufanya asiyoruhusiwa. Asiyekuwa na jibu la swali hilo, tusimkabidhi amana kwa uzuri wa maneno yake.