Mtoto wa Miaka Mitatu Hana Haraka, Wenye Haraka Ni Sisi



Kila Januari Kawangware inarudia swali moja. Kutoka steji ya 46 mpaka Gatina, mabango ya nasari yanaongezeka kwenye milingoti ya stima, na akina mama wenye watoto wa miaka miwili na nusu ama mitatu wanaanza kuulizana: wako umempeleka? Ukijibu "bado", unaangaliwa kama mtu aliyemnyima mtoto chakula. Wengi wenu mnaosoma hapa sasa ni wazazi wachanga, ama ndio mnaomlipia mpwa karo, kwa hivyo swali hili ni lenu.

Maoni yangu nayatoa mapema. Mtoto akifika miaka 4, usimcheleweshe hata muhula mmoja. Akiwa chini ya hapo, usimpeleke darasani, mtafutie mahali salama pa kulelewa na kucheza. Kusoma na kulelewa ni mambo mawili tofauti, na shida yetu ni kwamba tumeyafanya moja.

Tuanze na mpangilio wenyewe. Mtaala mpya ulioanza kutumika kote nchini Januari 2019 unamtaka mtoto aingie PP1 akiwa na miaka 4, PP2 akiwa na 5, na Gredi ya 1 akiwa na 6. Basi. Ile "bebi klasi" tunayolipia haimo kwenye mtaala, ni darasa ambalo shule zenyewe zimeliongeza. Kwa hivyo mtu akikwambia mtoto wako wa miaka 3 "amebaki nyuma", muulize amebaki nyuma ya nini.

Sasa, mbona watu wanawapeleka mapema? Sababu nzito ni kazi, na hii hatuwezi kuipita haraka. Anayesema tu "mtoto akae na mamake mpaka afike miaka 4" hajui maisha ya 46. Kuna mama anaamka alfajiri, anatembea mpaka Lavington ama Kileleshwa kutafuta nguo za kufua, na akikosa kazi siku hiyo hakuna chakula jioni. Huyo mtoto atamwacha wapi? Amfungie ndani ya chumba chenye stovu na ndoo ya maji? Amwachie dadake wa Gredi ya 4, ambaye naye atakosa shule? Ampeleke kwa jirani anayelea watoto wengi kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha? Ukiziweka hizo zote mezani, nasari inaonekana ndiyo afadhali, na mara nyingi ni kweli. Mama kama huyo halaumiwi.

Lakini angalia kinachofuata. Mtoto alipelekwa kwa sababu ya malezi, ila akifika pale anapewa shule. Anakalishwa kwenye benchi, anapewa penseli kabla vidole havijapata nguvu ya kuishika, na jioni anarudi na homuweki. Mwisho wa muhula ana ripoti yenye alama na nafasi ya ngapi darasani. Miaka mitatu! Na sisi wazazi ndio tunaolazimisha, manake tukiona mtoto anarudi bila kitu kwenye daftari tunasema mwalimu hafundishi. Mwenye shule anajua hilo, anatupa tunachotaka.

Sababu ya pili ni ile ya "amalize mapema". Hapa tujiulize, amalize mapema aende wapi? Mtoto aliyeingia Gredi ya 1 na miaka 5 badala ya 6 hatakuwa mdogo mwaka huo mmoja tu. Atakuwa mdogo wa darasa miaka yote, mpaka sekondari. Huko Canada, katika jimbo la British Columbia, watafiti walichunguza rekodi za watoto zaidi ya 900,000 na kutoa matokeo mwaka 2012. Waliona kwamba watoto waliozaliwa Desemba, yaani wale wadogo zaidi darasani, walipatikana mara nyingi zaidi kuwa na tatizo la kutotulia na kupewa dawa, kuliko wenzao waliozaliwa Januari. Ina maana wengine wao hawakuwa wagonjwa, walikuwa wadogo tu. Huku kwetu mtoto kama huyo hapewi dawa. Anaitwa mzito, ama mtundu, na mara nyingine anachapwa, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku kuchapa mwanafunzi.

Na kusoma herufi mapema hakumpi mtoto mbio ndefu. Huko New Zealand walilinganishwa watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na wale walioanza wakiwa na 7. Walipofika kama miaka 11, waliochelewa walikuwa wamewafikia wenzao. Finland, nchi inayosifiwa kwa elimu, darasa la kwanza linaanza mtoto akiwa na miaka 7.

Lakini tusikimbilie upande wa pili. Miongoni mwetu Waislamu kuna kosa lingine ambalo halisemwi sana: kumweka mtoto chuoni peke yake mpaka miaka 6, halafu kumpeleka moja kwa moja Gredi ya 1. Mzazi anahofia nasari za mtaani, nyingi zikiwa zimeanzishwa na makanisa, na anaona bora mtoto ajue Fatiha na Juzuu Amma kwanza. Hofu yake inaeleweka. Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayelazimishwa kufanya ibada isiyo ya imani yake, na mzazi ana haki ya kwenda kumweleza mwalimu mkuu hivyo, kwa adabu na bila woga. Lakini ukimnyima mtoto PP1 na PP2, anaingia Gredi ya 1 akiwa mgeni kati ya watoto wenye miaka miwili ya mazoezi.

Jambo hili lilishatokea Pwani, na lilipata dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Pwani waliona watoto wao wanashindwa kupata nafasi kwenye shule nzuri za msingi, wakaomba usaidizi kwa Aga Khan. Kazi ikaanzia Mombasa, ikiongozwa na Bi Swafiya Said. Walichofanya ni kuunganisha: ndani ya chumba kimoja na asubuhi moja, mtoto anapata dini yake, nyimbo, hesabu na michezo. Vifaa vilikuwa vitu vya kawaida vya mtaani, na shule zenyewe zilikuwa mali ya jamii, zikiendeshwa na kamati zao. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Peter Mwaura na wenzake uliolinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda: waliokaa nyumbani, waliosoma nasari za kawaida, na waliosoma nasari hizi za madrasa. Waliosoma nasari yoyote waliendelea kuliko waliobaki nyumbani, na wa nasari za madrasa waliendelea zaidi. Hao walikuwa watoto wa umri wa miaka 4 na kitu, si wa miaka miwili na nusu. Kwa hivyo utafiti huo hautuambii tukimbie. Unatuambia kwamba nasari inasaidia mtoto akiwa na umri wake, na kwamba kinachofanyika ndani ya chumba kina uzito mkubwa.

Hapo niwaombe pia maustadh wetu. Mtoto wa miaka 3 anayetoka nasari saa tisa, akaingia chuo mpaka karibu Maghrib, anacheza saa ngapi? Analala saa ngapi? Mtume (SAW) ametufundisha tuwaamrishe watoto swala wakifika miaka 7. Kama swala yenyewe ina umri wake, kiboko cha alif na ba kwa mtoto wa miaka 3 kimetoka wapi?

Kuna jambo lingine ambalo sisi kama jamii tunafaa kulijua kuliko wengine: karatasi. Wapo wazazi wanaomwongeza mtoto umri ili akubaliwe shule mapema. Wengine wanatoa mwaka mmoja shuleni na mwingine kwenye cheti cha kuzaliwa. Ndugu yangu, usithubutu. Hilo jina na hiyo tarehe vinamfuata mtoto kwenye mitihani yote mpaka siku anaomba kitambulisho. Na tunajua maswali ambayo Waislamu wengi wamewahi kuulizwa wakiomba kitambulisho katika nchi hii. Wanubi wa Kibera wameishi hapa zaidi ya miaka mia moja, na bado ilibidi kesi ya watoto wao ipelekwe mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambayo mwaka 2011 iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto hao, ikiwemo haki ya uraia na ya elimu. Jamii iliyopigania karatasi hivyo haiwezi kuchezea tarehe ya mtoto kwa sababu ya bebi klasi. Kama mtoto hana cheti, kitafute sasa akiwa mdogo, usingoje PP1.

Basi, ukikaa kuamua, fanya hivi.

Kwanza, amueni pamoja. Surat al-Baqara, aya ya 233, inapozungumzia kumwachisha mtoto ziwa inataka wazazi wakubaliane na kushauriana. Kama kuachisha ziwa kunahitaji shauri, kumtoa nyumbani pia kunahitaji. Baba asiseme "hayo ni ya mama".

Pili, mwangalie mtoto mwenyewe. Anaweza kusema akihisi haja? Anaweza kula mwenyewe, kutaja jina lake, kumwambia mtu mzima kwamba anaumwa? Kama bado, huyo anahitaji mlezi, hahitaji mwalimu.

Tatu, ingia ndani uangalie, usisome bango tu. Watoto ni wangapi kwa mwalimu mmoja? Choo kiko wapi? Kuna mlango wa pili moto ukishika? Kuta zimeshikwa na nini? Tarehe 23 Septemba 2019, hapa jirani Ng'ando, jengo la madarasa la Precious Talent liliporomoka asubuhi na kuua watoto wasiopungua 7. Wazazi wao walikuwa wamewapeleka shule kama tunavyowapeleka wetu.

Nne, akifika miaka 4, anza na shule ya umma. Sheria ya 2013 inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumkubali ama kumkataa, na inakataza kumbagua kwa dini yake. Tena tangu 2023 mpango wa Dishi na County unawapa watoto wa shule za umma za Nairobi, pamoja na wa chekechea, chakula cha mchana kwa shilingi 5. Kwa familia nyingi za hapa, hicho chakula peke yake kinatosha kuamua.

Mwisho, tusimwachie mzazi mmoja mmoja mzigo huu. Someni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Elimu ya chekechea ni kazi ya serikali ya kaunti, na pamoja nayo zimetajwa wazi sehemu za kulelea watoto. Yaani ule mlango salama ambao mama wa 46 anautafuta alfajiri kabla ya kwenda Lavington ni kazi ya kaunti kikatiba, wala si msaada wa mwanasiasa. Sasa ni vijana wangapi wa wadi za Kawangware, Gatina na Kabiro wamewahi kwenda kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti wakauliza: pesa za kulelea watoto ziko wapi? Tunajua kujaza ukumbi siku ya siasa. Tujaze na siku hiyo.

Na misikiti yetu, nyingi zina chumba kinachokaa bure kuanzia asubuhi mpaka Adhuhuri. Mkeka, maji safi, choo, na dada wawili waliosomea malezi wakilipwa vizuri, vinatosha kuanza. Pwani walianza hivyo hivyo kidogo kidogo, na hawakungoja mtu wa mbali aje kuwaamulia.

Kama una mtoto wa miaka 3 nyumbani leo na majirani wanakuuliza, waambie anacheza. Na kama anatimiza 4 mwaka huu, kesho asubuhi shika cheti chake uende shule ya umma iliyo karibu ukaulize nafasi.

Wabillahi tawfiq.