Sponji ukutani si kinga ya kelele



Siku hizi kwaya nyingi za vigango hazilazimiki tena kusafiri hadi mjini kurekodi nyimbo. Kompyuta, kipaza sauti na chumba cha uani vinatosha. Ni jambo jema. Lakini chumba cha namna hiyo kina adha mbili: kelele zake huwanyima majirani usingizi, na kuta zake tupu hutoa mwangwi unaoharibu wimbo. Vijana wetu wanaijua dawa moja tu. Hununua magodoro ya sponji, huyakata vipande, kisha huyabandika kuta zote mpaka darini. Wasio na fedha hukusanya trei za mayai. Mwisho dirisha huzibwa kwa mbao.

Mimi ni muuguzi, nami nasema dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Wazazi wenye chumba kama hicho nyumbani hawana budi kulitazama jambo hili.

Kwanza, haizuii kelele. Kuzuia sauti isitoke ni kazi moja, na kupunguza mwangwi ndani ni kazi nyingine. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa. Ukuta wa tofali uliopigwa plasta pande zote mbili hupunguza sauti kwa desibeli 45 hivi. Mlango mwepesi wa playwudi wenye upenyo chini hupunguza 15 au 20 tu, na sauti hupita hapo kama maji. Ukiacha uwazi wa asilimia 1 tu ya ukuta, hata ukuta wenyewe uwe mnene namna gani, hautapunguza zaidi ya desibeli 20. Sponji ni nyepesi na imejaa hewa. Hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba, lakini besi hupita kana kwamba hakuna kitu. Trei za mayai hazifanyi hata hilo vizuri. Kazi yake kubwa ni kuwapa mende na panya makazi, na zile zenye kinyesi cha kuku huleta vijidudu vya kuharisha.

Pili, sponji ya godoro inaungua upesi mno. Moto wake hutoa moshi mweusi wenye hewa ya ukaa yenye sumu pamoja na sianidi. Mtu huzimia kwa moshi kabla ya kuguswa na moto. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa muziki huko West Warwick, Marekani, fataki za jukwaani zilishika sponji iliyobandikwa ukutani ili kelele zisiwasumbue majirani. Watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013, huko Santa Maria nchini Brazil, fataki ilishika sponji ya darini, wakafa watu 242, wengi wao wanafunzi. Mtasema chumba chetu hakina fataki. Ni kweli, lakini kina nyaya zilizoungwaungwa, na umeme ukikatika huwashwa mshumaa. Tena mlango ni mmoja, na dirisha mmekwisha kuliziba.

Hilo dirisha ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu moto ni bahati mbaya ya siku moja, bali hewa nzito ni ya kila jioni. Mtu anayeimba hutoa pumzi kwa nguvu na kuvuta kwa nguvu. Mwenye kifua kikuu asiyejijua, akiimba kwa saa mbili katika chumba kisichopitisha hewa, anaweza kuwaambukiza wenzake. Tulikwisha kuonyeshwa jambo hili na ugonjwa wa korona. Tarehe 10 Machi 2020, huko Mount Vernon, jimbo la Washington nchini Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Waliougua, pamoja na waliodhaniwa kuugua, walikuwa 53, na wawili wakafa.

Basi tufanye nini? Fedha ya kwanza iende mlangoni. Wekeni mlango wa mbao nzito, pigilieni raba kuzunguka fremu, zibeni upenyo wa chini na nyufa zote za kuta. Kama hakuna dari, sauti hutokea juu ya ukuta chini ya bati, na hapo hakuna godoro litakalosaidia.

Kwa mwangwi, tandikeni zulia au mikeka minene, tundikeni mapazia mazito ya pamba au blanketi za sufu. Hivi navyo huungua, ila si kwa kasi ya sponji. Mishumaa ikae mbali navyo. Kama mfuko unaruhusu, kilicho bora ni pamba ya mawe, ambayo hutengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa na kuvutwa nyuzi. Haishiki moto. Ijazeni katika fremu za mbao, unene wa sentimita 10, kisha ifunikeni kwa kitenge kilichobana. Anayeikata avae glavu, mikono mirefu na kitambaa puani, maana nyuzi zake huwasha ngozi, macho na koo. Kuhusu saratani, wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa ugonjwa huo waliichunguza mwaka 2001, na hawakuiweka kati ya vitu vinavyoisababisha. Msiichanganye na asbesto ya dari za zamani, ambayo husababisha saratani bila shaka yoyote. Dari ya asbesto isitobolewe wala kukatwa.

Hewa ipite kwa njia ya kasha la mbao lenye kona mbili au tatu, lililopakwa pamba hiyo ndani. Hewa huzunguka kona, sauti hupotea njiani. Na dirisha libaki linafunguka: lifungwe wakati wa kurekodi, lifunguliwe wazi kila wimbo unapokwisha. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha hilo.

Mwisho ni spika. Sikio huvumilia desibeli 85 kwa saa 8, lakini desibeli 100 kwa dakika 15 tu. Mtoto akitoka humo masikio yanavuma, amepita kiasi. Kupunguza sauti ya spika hakuna gharama, na majirani watalala siku hiyo hiyo, kabla hata fundi hajaleta mlango.