Pesa ya Matembezi Isitoke Kwenye Pesa ya Oda

Wafanyabiashara wenzangu, leo sizungumzii kupata wateja. Nazungumzia kwenda kutembea nje ya nchi na ukirudi ukaikuta biashara yako ingali hai.

Sisi watu wa Konde, na Pemba kwa jumla, tuna jamaa Oman tangu enzi za mababu. Skuhizi muuzaji wa mabuibui au mafuta mazuri kwa WhatsApp akipata nafasi anakwenda Muscat wiki mbili kumtazama shangazi yake. Wengine wanapitia Dubai. Ni jambo jema. Mtu anayejibu meseji za wateja alfajiri mpaka usiku mwaka mzima anahitaji kupumzika, na asipopumzika wateja wanaijua kwa majibu yake.

Lakini nina msimamo wangu, na najua si wote watakubaliana nami. Tiketi haiui biashara. Tiketi unaijua bei yake, unaikusanyia, unailipa, imekwisha. Kinachoua ni kuondoka na simu yenye salio moja lililochanganyika pesa za aina tatu, halafu ukalitumia lote kama lako.

Hebu fungua simu yako uangalie. Tuseme kuna milioni moja na nusu. Ndani yake kuna mtaji, yaani pesa ya kununulia mzigo unaofuata. Kuna faida, ambayo ndiyo yako hasa. Na kuna pesa ya oda, ambayo mteja ametanguliza na bidhaa hajaiona. Simu haikwambii ipi ni ipi. Inakuonesha namba moja tu, na ukiwa ugenini, umechangamka, namba ile yote inaonekana yako.

Pesa ya oda ni amana. Nimeshaona muuzaji mwenzetu, mtu mzuri, anatajwa vizuri na wateja, aliporudi safari akaanza kuwaambia watu "mzigo umechelewa". Mzigo haukuchelewa. Haukuwahi kununuliwa. Konde ni ndogo, na habari inafika Micheweni na Wete kabla daladala haijafika. Aliwalipa watu wote mwisho wa siku, lakini tangu hapo kila mteja wake anataka kulipa bidhaa akiishika mkononi. Biashara ya mtandaoni bila ya kutangulizwa pesa, kwa mtu mwenye mtaji mdogo, ni nzito mno.

Kwa hiyo kabla ya kufunga begi, fanya haya.

1. Funga oda siku kumi kabla ya safari. Zilizolipiwa zote zipeleke au urudishe pesa. Usisafiri na deni la bidhaa hata moja. Weka tangazo kwenye status na ujumbe wa kutokuwepo kwenye WhatsApp Business: narudi tarehe fulani. Mteja anasubiri vizuri akijua anasubiri mpaka lini.

2. Mtaji uhamishe. Uweke benki, au kwa mtu unayemuamini ambaye hatokupa hata ukimpigia simu kumlilia. Ubakishe kwenye simu faida tu, ile uliyojiwekea ya safari.

3. Hesabu safari kuanzia mlangoni kwako, si kuanzia uwanja wa ndege. Kutoka Pemba hakuna ndege ya moja kwa moja ya kwenda Muscat wala Dubai. Utapanda daladala, utapanda boti Wete au Mkoani, pengine utalala Unguja. Na utarudi kwa njia hiyo hiyo. Pesa ya kurudia, kwa shilingi, ifunge kwenye bahasha uiweke chini kabisa ya begi. Watu wengi wanafika Unguja na masanduku matatu na hawana nauli ya boti.

Sasa tuje kwenye pesa za huko.

Dola unazonunua zitazame. Noti za mia na hamsini zinabadilishwa kwa bei nzuri kuliko za moja na tano. Noti kuukuu, iliyochanika au iliyoandikwa kalamu inaweza kukataliwa. Usinunue dola zote siku moja ya mwisho, kwa sababu shilingi yetu inapanda na kushuka. Mwaka 2024 dola ilipita Sh 2,600, na kabla mwaka haujaisha ikashuka chini ya Sh 2,500. Ukinunua kidogo kidogo kwa miezi mitatu hutoumia sana upande wowote.

Riyali ya Oman na dirham ya Imarati ziko tofauti. Serikali zao zimezifunga kwenye dola kwa kiwango kisichobadilika miaka mingi sasa. Riyali moja ya Oman ni dola 2.60, na dola moja ni dirham 3.67. Maana yake ni kwamba hapa hapa Konde unajua utapata ngapi. Dola 100 ni riyali 38 na ushei, au dirham 367. Duka la kubadilisha fedha litakata kidogo, ni haki yao. Lakini mtu akikupa riyali 35 kwa dola 100, chukua dola zako nenda duka la pili.

Na hapa pana mtego ambao nadhani ndio unaomaliza watu wetu kuliko wizi. Riyali ni pesa kubwa yenye namba ndogo. Sisi tumezoea kusikia elfu kumi, elfu hamsini. Ukifika Mutrah sokoni unaambiwa "riyali tano", macho yanaona tano, moyo unasema hiyo si kitu. Riyali tano ni dola 13. Kwa dola ya Sh 2,500 ni Sh 32,500. Kisha riyali imegawika baisa 1,000, kwa hiyo hata "baisa mia tano" ni zaidi ya Sh 3,000. Chai na sambusa mara tatu kwa siku, teksi mbili, na bando la intaneti, jioni umemaliza pesa ya dazeni ya mitandio.

Dawa yake ni rahisi. Andika kikaratasi, ukibandike nyuma ya simu: riyali 1 = Sh 6,500, au kwa bei uliyonunulia dola zako. Kabla ya kulipa chochote, badilisha kichwani. Halafu gawa pesa kwa siku. Tuseme una dola 300 za kutumia kwa siku kumi. Hiyo ni kama riyali 115. Toa 35 za dharura, mtu anaweza kuumwa. Toa 40 za zawadi. Zinabaki 40, yaani riyali nne kwa siku. Kila asubuhi toka na nne tu mfukoni, nyengine ziache nyumbani. Ukibakisha moja leo, kesho una tano.

Riyali nne zinatosha? Zinatosha kwa sababu umefikia kwa jamaa. Lakini msemo unasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la Muscat ni kwenda supamaketi ukarudi na maziwa, mchele na matunda bila ya kuambiwa. Liweke kwenye hesabu. Na unapotoka Pemba, chukua zawadi za nyumbani, halua ya Wete au mikeka ya ukili. Karafuu usizitie kwenye begi kwa mazoea. Biashara yake ina sheria yake na iko chini ya ZSTC, usijitafutie maelezo bandarini.

Simu nayo ina mambo yake. Wakala wa kutolea pesa kama tulionao hapa Konde huko humkuti, na menyu ya pesa kwenye laini yako haifanyi kazi bila rominga. Uliza kampuni ya simu kabla ya kuondoka, na laini ya nyumbani usiitoe, kwani namba za siri za benki zinakuja humo. Meseji za WhatsApp zinakwenda vizuri, ila kupiga simu kwa WhatsApp kumekuwa kukizuiwa Oman na Imarati kwa miaka mingi. Waambie wateja waandike au watume sauti. Kama una kadi ya benki na mashine ikakuuliza ulipe kwa shilingi au kwa riyali, chagua riyali. Ukichagua shilingi wanakubadilishia kwa bei yao.

Najua wapo watakaoniambia: "Mimi nitachukua na mzigo, safari itajilipa yenyewe." Hii hoja naiheshimu, kwa sababu wapo wanaoifanya na wanafaulu. Lakini wanaofaulu wamekwenda kununua, hawakwenda kutembea. Wana orodha, wanajua bei ya jumla, wamewauliza wateja saizi kabla ya kuondoka. Anayetembea ananunua kwa bei ya rejareja, soko lililojaa watalii, kwa kuwa kitu kimempendeza yeye. Kisha analipia kilo za ziada kwenye ndege. Kisha forodhani anaulizwa, na msamaha wa vitu vya msafiri ni wa vitu vyake mwenyewe. Mabuibui thelathini ya saizi tofauti hayafanani na nguo zako, mwanakwetu. Ukijumlisha yote hayo, buibui lile Konde halina mnunuzi kwa bei itakayokulipa. Kama unataka mzigo, sawa, lakini uwe na pesa yake mbali, daftari lake mbali, na siku yake mbali.

La mwisho ni zawadi za kurudi nazo. Hapa kwetu mtu akitoka Uarabuni, mtaa mzima unamtazama mikono. Siwezi kuibadilisha mila hiyo na wala sitaki, ni mapenzi. Ila andika majina kabla ya kuondoka, na mbele ya kila jina andika kiasi. Baba, mama, watoto, aliyekushikia duka. Wengine wote wapelekee ubani wa Dhofar. Kilo moja unaigawa vifuko ishirini vya gramu hamsini, ni mwepesi kwenye begi, unanukia nyumba nzima, na hakuna atakayesema umemsahau. Jina lisilo kwenye orodha lisikutoe pesa ya mtaji.

Kwani baada ya wiki mbili za furaha, aliyekuombea simu mpya hatokuja kukununulia mzigo. Mteja aliyesubiri tarehe uliyomtajia ndiye atakayekuja. Ukirudi, kabla hujafungua masanduku, mtumie ujumbe: nimerudi, oda ziko wazi. Na ule mtaji kule benki uukute vile vile ulivyouacha.