Kiungo Hakioti kama Mchicha

Mfasiri anayekumbana na habari za kukuza viungo vya binadamu kutokana na seli shina huvutwa upesi na kitenzi kimoja: kuotesha. Ni kitenzi kitamu. Kina shamba ndani yake, kina mvua na mavuno. Tatizo ni kwamba mavuno yenyewe hayajafika.

Mnamo mwaka wa 2006, Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto alizirudisha seli za kawaida za panya katika hali ya ushina. Mwaka wa 2007 akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka wa 2012 akatuzwa Nobeli pamoja na John Gurdon. Tangu hapo maabara zimekuza vipande vya tishu viitwavyo oganoidi, vinavyofanana kwa kiasi na ini, utumbo au figo. Aghalabu vipande hivyo havizidi milimita chache. Seli iliyo mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya takriban milimita 0.2 hukosa oksijeni ikafa, na mtandao wa mishipa wa kulisha figo nzima bado unawashinda wataalamu.

Huenda msomaji akauliza: je, hili si suala la madaktari? Kwa kiasi. Lakini mnamo Juni 2011, katika hospitali ya Karolinska nchini Uswidi, daktari Paolo Macchiarini alimpandikiza Andemariam Beyene, raia wa Eritrea aliyekuwa akisomea uzamili nchini Iceland, koo la hewa la plastiki lililopakwa seli zilizotolewa katika uboho wake mwenyewe. Ilitarajiwa kwamba seli hizo zingeshika, zienee, ziifunike plastiki hadi iwe koo hai. Dunia ikashangilia. Plastiki ikabaki plastiki. Beyene alifariki Januari 2014, na wagonjwa wengine wawili waliopandikizwa nchini humo walikufa pia. Mwaka wa 2023 mahakama ya rufani ya Stockholm ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu. Upasuaji ulitangulia majaribio ya kutosha kwa wanyama, nayo lugha ya mavuno ilitangulia vyote viwili.

Watetezi wa kuotesha watasema kwamba sitiari ni uhai wa lugha. Ni kweli, na katika shairi haimdhuru mtu. Katika fomu ya idhini, mambo ni mengine. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa juma, akisikia kwamba kiungo kinaoteshwa, atauliza lini na kwa shilingi ngapi. Na wapo wafanyabiashara katika nchi nyingi walio tayari kumjibu kwa tiba zisizothibitishwa.

Istilahi seli shina haina kasoro kubwa, ingawa kwa jirani Mtanzania shina ni pia ngazi ya chini kabisa ya chama. Kiungo ndicho chenye utata: ni figo, ni mkono, ni bizari ya mchuzi. Ogani ya vitabu vya biolojia inafaa zaidi. Kwa kazi inayofanyika sasa, kukuza tishu kunatosha. Kuotesha kungoje figo ya kwanza.

Tasnifu kuhusu istilahi za kompyuta si haba. Fomu ya idhini ya upasuaji ina kurasa moja au mbili tu, na mara nyingi idara ya Kiswahili na skuli ya udaktari zimo katika chuo kimoja.